Uwenzini, Nchi Iliyongoja Kutimia

Wapo wanaonishika shati barabarani wakitaka niape kwamba nchi ya Uwenzini ipo. Siapi. Nimechoka kubishana na watu ambao hawajavuka hata mto wa kwao. Kueleza nilivyofika huko hakumsaidii mtu, maana njia niliyopita haipitiki mara mbili. Nilifika, jina langu likaandikwa kwenye daftari kubwa mlangoni mwa mji, nikapewa mahali pa kulala. Nitaeleza niliyoyaona bila kutia chumvi, hata yale yanayoniaibisha. Na yapo.

Uwenzini ni nchi ndogo iliyokaa mgongoni mwa mlima. Ina mji mmoja, na mji huo hunywa chemchemi moja. Wakazi wake ni watu wapole, wasafi, wakarimu mpaka unaona aibu. Wakikutana njiani hawaulizani habari za asubuhi. Mmoja husema, "Tumetimia?" na mwenzake hujibu, "Bado kidogo." Halafu kila mtu hushika njia yake, moyo mweupe kabisa. Mwanzoni nilidhani ni salamu tu kama salamu nyingine. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba humo ndimo ilimo serikali yao, sheria yao na maradhi yao.

Nilipangiwa nyumba ya Bi Sikudhani binti Mtoro, mlinzi wa chemchemi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, mkali wa maneno na mwepesi wa kukupakulia chakula cha pili hujamaliza cha kwanza. Asubuhi ya kwanza alinichukua nyuma ya nyumba, akanionyesha korongo.

Sijapata kuona shimo la namna ile. Lilianza kule bondeni likapanda mlima kwa kujipinda, pana kama barabara ya magari mawili, kuta zake nyekundu zikidondosha udongo hata pasipo upepo. Ukingo wake wa juu ulikuwa umeikaribia chemchemi kiasi kwamba ungeweza kusimama kwenye kimoja ukamwita mtu aliye kwenye kingine bila kupaza sauti.

"Hesabu hatua," akaniambia.

Nikahesabu. Thelathini na moja.

"Mwaka juzi korongo lilikula hatua tisa. Mwaka jana likala kumi na tisa. Wewe ndiye uliyesoma, nipigie hesabu ya mwaka huu."

Sikumpigia. Korongo likilifikia jicho la maji, chemchemi yote ingetumbukia humo chini, na mji mzima ungelazimika kuhama.

Waliniambia kwamba zamani masika yao yalikuwa ya adabu: manyunyu siku arobaini, ardhi ikinywa taratibu. Siku hizi jua linachoma miezi tisa, kisha mvua yote inamwagika kwa siku tano au sita, kwa mkupuo, juu ya mlima ulionyolewa miti. Na aliyeunyoa hafichwi. Wameunyoa wenyewe kwa kulisha matanuri ya chokaa, na nchi jirani zenye matanuri mengi zaidi zimechoma kuliko wao. Moshi wa wote unapanda mbingu moja. Hakuna anayelikana hilo. Nimepita nchi ambazo watu wake huapa kwamba joto ni lilelile la mababu. Uwenzini hawadanganyani hivyo. Mwanafunzi yeyote atakueleza kisa kizima, na dawa yake atakutajia bila kukwama: kupanga kuta za mawe kukinga maji huko juu, kuchimba mitaro, kupanda miti, kupunguza matanuri.

"Sasa mnangoja nini?" nilimuuliza Bi Sikudhani.

"Tunangoja kutimia," alisema, akaingia jikoni kusonga ugali.

Nikaenda kwa Karani wa Daftari, Bwana Mshamu, kutaka kueleweshwa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, kila mara akifuta kalamu yake kwa kitambaa safi. Alinieleza kwamba miaka arobaini na moja iliyopita watu wa mji walijaribu kujenga kuta hizo. Waliokwenda ni nusu tu. Nusu nyingine walibaki barazani wakinywa kahawa, wakijua kwamba maji yakikingwa watanufaika wote. Wale waliokwenda wakaona, wakatupa majembe, pakazuka ugomvi mpaka watu wakavunjana meno. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kuanza Pamoja. Kazi yoyote ya manufaa ya wote haitaanza mpaka wote wawepo, siku moja, kila mtu na jembe lake mkononi. Kila mwaka kabla ya masika inakuwapo Siku ya Mwanzo. Daftari linasomwa. Jina moja likikosa mwitiko, kazi inaahirishwa mpaka mwaka ujao.

"Ni sheria ya haki," alisema Bwana Mshamu.

Sikuweza kumbishia. Ilikuwa haki kweli, na iliandikwa kwa mwandiko mzuri.

"Na imewahi kutimia?"

"Bado kidogo," akajibu, macho yakimng'aa. "Mwaka jana walikosekana watatu tu. Tunakaribia sana, bwana mgeni."

Nilihudhuria vikao vya Baraza la Mwanzo siku tisa mfululizo. Nakiri kwamba nilivipenda. Niliandika kurasa hata wino ukaniishia. Mjumbe mmoja alitaka suala la watoto wachanga lifunguliwe upya. Lilikuwa limekwisha kuamuliwa kwamba mtoto anahesabiwa akiota jino la kwanza, naye huwekewa jembe dogo la mti, lakini mjukuu wa mjumbe huyo alikuwa ameota meno mawili siku moja. Kisha wakarudi kwenye swali la jembe lenyewe: likiinuliwa usawa wa bega, limeinuliwa, au mpaka lipite kichwa? Mjadala huo una umri wa miaka kumi na moja, na familia za pande mbili hizo hazioani. Akasimama mwingine, akauliza kwa uchungu kwa nini Uwenzini yenye matanuri matatu ianze, na hali jirani mwenye matanuri mia hajanyanyua hata kidole. Watu wakampigia makofi. Mkuu wa Mwanzo, Bwana Ngwali, mtu mnene mwenye kikohozi cha heshima, akaagiza jirani aandikiwe barua kuulizwa ataanza lini. Baadaye Karani alininong'oneza kwamba jibu la barua ya mwaka jana analo: jirani naye anauliza Uwenzini itaanza lini.

Wapo pia wasiofika Barazani. Hao wanaitwa Wakaamatanga, kwa kuwa wanaikalia chemchemi matanga ingawa bado inatoka maji. Hutandika mikeka mkabala na mlima, wakanywa kahawa chungu, wakahuzunika kwa zamu. Msemaji wao alinikaribisha vizuri. "Usijisumbue, ndugu yangu," alisema. "Umetukuta tumekwisha." Alikuwa na mashavu ya mtu anayelala usingizi wote. Nilipomuuliza kama hakuna hata jiwe moja la kubebwa, alinitazama kana kwamba nimemtukana marehemu. Nikarudi nikaandika kwamba matanga na Baraza ni ndugu wa tumbo moja, maana kwa wote wawili hakuna anayetoka jasho. Nilijipongeza sana kwa sentensi ile.

Nisiyasahau majembe. Kila mtu wa Uwenzini ana majembe mawili, la shambani na la Siku ya Mwanzo. Hili la pili halijagusa udongo tangu lifuliwe. Mpini wake unachongwa maua na ndege, chuma chake kinapakwa mafuta kila wiki, na kuna mashindano. Bingwa wa kuchonga alikuwa fundi Ngwende, mtu wa makamo mwenye mkono mmoja mfupi kidogo, ambaye jembe lake mwenyewe lilikuwa limemchukua miaka kumi na tisa na lilikuwa bado, alisema, linahitaji majani mawili matatu.

Basi ikafika asubuhi ya Siku ya Mwanzo. Nilipoamka nilikuta ukumbi wa Bi Sikudhani umejaa mizigo: magodoro yamefungwa kamba, sufuria zimepangwa ndani ya kapu, hata kinu kimelazwa.

"Ndugu zangu wa bondeni wameniita miaka mitatu sasa," alisema bila kuniangalia. "Nimekataa. Lakini binti yangu ana mimba ya miezi saba, na sitamwacha azalie mahali pasipo na maji ya kumkogesha mtoto. Siku ikitimia, nafungua mizigo. Isipotimia, nahama, na chemchemi ijilinde yenyewe."

"Itatimia tu," nilisema, kama mtu anavyosema.

Akanisogezea jembe la shambani lililokuwa limeegemezwa mlangoni. "Chukua. Huwezi kujua."

Nikacheka. "Mimi mgeni, dada. Kazi yangu kutazama."

Alilirudisha jembe pale pale, akatoka.

Uwanja ulijaa pomoni. Daftari lilikuwa na majina mia sita na kumi na mawili, na Bwana Mshamu aliyasoma moja moja, kila jina mara tatu kama halikuitikiwa upesi. "Nipo!" mtu anaitikia, na jembe linapanda juu likimetameta juani. Mimi nilikaa chini ya turubai la wageni na daftari langu mwenyewe magotini. Wale watatu waliokosekana mwaka jana walikuwapo. Mzee mmoja mgonjwa aliletwa na kitanda chake cha kamba, jembe limelazwa kifuani, na sauti yake ilipotoka watu walishangilia mpaka vumbi likatimka. Wakaamatanga walikuja wote, nyuso ndefu, wakaitikia. Jua lilipofika utosini nilihisi kitu kimebadilika. Watu walikuwa wameacha kunong'onezana. Majina yalikuwa yanakwisha na hakuna aliyekosekana. Nilimwona Bi Sikudhani katikati ya umati, jembe lake juu.

Mimi je? Mimi nilikuwa nimeinama natafuta neno. Nilitaka kulinganisha majembe yale na kitu cha kuchekesha, na neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilisikia jina linaitwa, halikuniingia. Likaitwa tena. Mara ya tatu ndipo nilipoinua kichwa, nikaona macho mia sita yamenigeukia.

"Mwinyikai, mgeni," alisema Bwana Mshamu polepole. Ni jina langu.

Nikaruka nikasimama. "Nipo!" nikapaza sauti, nikainua mkono juu kabisa, juu ya kichwa, pasiwe na ubishi wa bega.

Karani aliutazama mkono wangu kwa masikitiko ya kweli. "Hiyo ni kalamu, bwana," alisema. "Kalamu si jembe."

Bwana Ngwali akakohoa. Akatangaza kwamba Uwenzini imetimia pungufu ya mmoja, ambayo ni hatua kubwa isiyopata kufikiwa, na kwamba kazi imeahirishwa hadi mwaka ujao. Majembe yakashuka. Nilingoja watu wanirukie, na wallahi ningewaelewa. Hakuna aliyenirukia. Masufuria ya pilau yakaletwa. Watu wakakumbatiana. Bwana mmoja akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ahsante sana. Nilipoona inatimia, mgongo ulishaanza kuniuma."

Niliona haya. Sijawahi kuona haya kama siku ile, na nimefanya mengi maishani. Niliwacheka watu kwa siku tisa kwamba kila mmoja anamngoja mwenzake, kumbe aliyengojewa ni mimi.

Bi Sikudhani alinipita akiwa na jembe begani. "Ulisema unatazama," alisema. "Haya, umeona?"

Nikamkimbilia Bwana Ngwali kabla hajaketi kula. Nikamwomba daftari lisomwe tena kesho, au alasiri ileile. Akasema Siku ya Mwanzo ni moja kwa mwaka. Nikamwambia wamenionea kunihesabu, mimi si mtu wa pale.

"Maji ya chemchemi umekunywa?" akauliza.

"Nimekunywa."

"Basi."

"Nifuteni, tafadhali! Futeni jina langu, mtakuwa mmetimia!"

Hapo Karani akaingilia. Jina, alisema, hufutwa kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni kifo. Ya pili ni kosa la kujitangulia, yaani kuanza kazi ya wote kabla ya wote. Mwenye kosa hilo anaondolewa daftarini. Hana kiti Barazani, na hadharani hatajwi kwa jina, anaitwa "yule".

"Amewahi kupatikana mwenye kosa hilo?"

"Tangu nianze ukarani, hapana," alisema Bwana Mshamu kwa fahari. "Watu wetu ni waungwana."

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijawa kali, nilichukua lile jembe la mlangoni nikashuka ndani ya korongo. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu kufanya kitu, haya ilikuwa imenikaba. Nikaanza kuviringisha mawe hadi katikati ya lile shimo, na nilikuwa nimepanga kama sita hivi niliposikia mtu anacheka juu yangu. Bi Sikudhani alikuwa amesimama ukingoni, kitenge kimefungwa kiunoni. Nikajua amekuja kuniaga.

"Lo! Unajenga nini humo, bwana? Kaburi lako?"

"Nazuia maji."

"Humo maji yakifika ni tembo. Yatakubeba wewe na mawe yako. Toka. Tunaanza huku juu, juu ya chemchemi, ambako maji bado ni membamba na unaweza kuyaambia kitu yakasikia."

"Na mizigo yako?" nilimuuliza nilipokwisha kupanda.

"Imefungwa vizuri, haina haraka," akasema. "Jana nilikuwa nimesimama pale na jembe juu, nikawa najiambia, Sikudhani, miaka arobaini na moja unainua chuma hewani. Mkono huu ungekuwa umechimba mangapi? Nilikasirika hata pilau halikupita kooni. Nilikukasirikia wewe kwanza. Halafu nikajikasirikia mimi, maana wewe una wiki mbili tu hapa." Akapiga jembe chini. "Shika upande ule. Na usiinamishe mgongo hivyo, utavunjika."

Tulichimba mtaro mmoja wa kukata mteremko, mfupi, uliopinda. Alasiri Karani akaja na daftari na wino mwekundu. Alisimama mbali kidogo ili viatu visiingie udongo.

"Sikudhani binti Mtoro," alisema kwa huzuni, "nalitaja jina lako kwa mara ya mwisho. Nimekufuta. Na wewe, bwana mgeni."

"Nashukuru," alisema Bi Sikudhani bila kuinua kichwa. "Sasa sogea, umesimama kwenye njia ya mawe."

Siku mbili tulikuwa sisi wawili. Watu walipita kwa mbali wakitutazama na kusalimiana kama kawaida yao. Siku ya tatu akaja fundi Ngwende. Alisema ameona mpini wa jembe langu umelegea na haiwezekani mtu wa fani yake apite hivi hivi. Akaukaza. Kisha akasema mpini huwezi kujua umekaa mpaka uujaribu, akajaribu. Alijaribu mpaka adhuhuri. Siku ya nne alikuja na jembe lake la miaka kumi na tisa, kwa kuwa la shambani amemwazima mkewe. Lilipogusa udongo alifumba macho, na alipoyafumbua alilitazama jembe lile lenye tope.

"Linakata," alisema, kama mtu aliyepewa habari.

Baada ya hapo walikuja kwa visingizio vya kila namna. Mmoja alikuja kutuletea maji ya kunywa tu, akabeba jiwe moja kwa sababu eti lilikuwa njiani kwake. Wengine wawili walikuja kubishana kama ukuta unakwenda sawa, na mtu hawezi kubishana juu ya ukuta bila kuushika. Mkaamatanga mmoja alikuja akilia, akabeba mawe akilia, akarudi kesho yake akilia, na alikuwa na nguvu kuliko wote. Binti wa Bi Sikudhani alikaa kivulini na tumbo lake, akitia mbegu za miti kwenye vifuko vya majani ya mgomba. Kila alasiri Bwana Mshamu alikuja na wino mwekundu, akafuta. Tulikuwa tunaitana "yule" na "yule wa pili" na kucheka mpaka mbavu zinauma. Lakini nisidanganye: kabla ya masika tulifika thelathini na wanane, kati ya mia sita. Matanuri matatu yalikuwa bado yanafuka moshi, na ya jirani siyazungumzii.

Mvua ilikuja siku ya ishirini, alasiri, bila kubisha hodi. Mawingu yaliinama juu ya mlima na kumwaga. Tulikimbilia juu, wote waliokuwa na miguu, tukasimama kando ya kuta zetu nne. Maji yalishuka mekundu, yakajaa mtaro wa kwanza, yakaufurikia. Ukuta wa kwanza ulisimama muda mfupi kisha ukaanguka upande mmoja, na moyo wangu ukaanguka nao. Maji yakaupiga wa pili. Huo ulishika. Tulianza kupiga kelele kama watoto, mpaka Bi Sikudhani alipoona maji yanapenya chini yake, kwenye kona ya mbali, tundu la ukubwa wa kichwa likizidi kupanuka.

Pale penye kona hakuwepo mtu, ila Bwana Mshamu. Alikuwa amekuja kama kila siku, analowa, daftari limefunikwa kwa koti lake, kalamu mkononi.

"Karani!" Bi Sikudhani alipaza sauti. "Jiwe! Hapo miguuni pako! Ziba!"

"Siwezi!" alijibu Bwana Mshamu. Sauti yake ilikuwa ya kilio. "Mimi jina langu bado limo!"

"Basi njoo nalo!"

Nilimwona akilitazama tundu. Akalitazama daftari. Akageuka upande wa mji, na nadhani alikuwa anawatafuta wale mia tano sabini na kitu waliobaki, kama wanakuja. Njia ilikuwa tupu. Kisha akaliweka daftari lake juu ya ukuta, akainama na nguo zake safi, akalikumbatia jiwe lililomshinda uzito, akaanguka nalo ndani ya maji mpaka kiunoni, akalisukumia tunduni. Tukamfikia wakati anasukuma la pili. Tulikaa naye pale, mabega yamegusana, tukiziba kwa mawe, kwa majani, kwa udongo, kwa miguu yetu wenyewe, mpaka mvua ikachoka.

Ilinyesha hivyo siku tano, na siku zote tano tulikuwa huko. Asubuhi ya sita kulikucha kweupe. Bi Sikudhani alisimama kwenye ukingo wa korongo, akaanza kuhesabu hatua kwenda kwenye chemchemi, polepole. Alifika, akageuka.

"Ishirini na tano."

Nilihisi machozi. "Limekula sita," nilisema. "Kazi yote ile, na bado limekula sita."

"Sita!" alisema, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Umesahau mwaka jana? Sita, bwana! Mwakani nalitaka tatu." Akachota maji kwa kata, akamnywesha binti yake kwanza, kisha akanipa mimi. Yalikuwa na ladha ya udongo kidogo.

Halafu akajifunga kitenge akapanda kuelekea ukuta ulioanguka, nasi tukamfuata. Kulikuwa na watu wapya kumi na mbili au kumi na watano wamesimama njiani na majembe yao ya maua, hawajui waanzie wapi. Hakuna aliyewauliza majina. Bi Sikudhani aliwaelekeza kwa kidevu tu, wewe huku, wewe kule, na walikwenda. Bwana Mshamu alikuwa amekwisha kufika, suruali imekunjwa magotini. Alisimama juu ya mawe yaliyotawanyika, akautazama mji chini, kisha akatuuliza, kwa mazoea tu, kama tuwangoje wengine. Hakuna aliyemjibu, maana wote tulikuwa tumeinama.